Kijipete Kilichobaki Mkekani

Kwa muda wa miaka kumi na zaidi nimesimama mbele ya ubao nikiwahimiza wanafunzi wangu kwamba hesabu isiyolingana haifutwi kwa kiganja, bali hutafutwa kosa lake. Majuzi, uani kwangu hapa Kalemie, pikipiki iliniuliza kama mimi mwenyewe nayasadiki maneno hayo. Nitawasimulieni habari yenyewe bila kujitetea.

Mji wetu, ambao enzi ya Wabelgiji uliitwa Albertville, umekaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, pale Mto Lukuga unapoyachukua maji ya ziwa kuyapeleka magharibi. Reli ya kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka 1915. Lakini treni haimpeleki mama mgonjwa hospitali, wala haimfikishi mwalimu shuleni kabla ya kengele. Kazi hiyo leo ni ya pikipiki. Yangu hunifikisha mimi darasani asubuhi; kisha mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, huichukua kubeba abiria hadi jioni. Kwa mapato hayo hulipa karo yake, na mara nyingi ndiyo yanunuayo unga wakati mshahara unapochelewa.

Basi, mwanzoni mwa masika pikipiki ikaanza kutema gia ya tatu. Ukipanda mlima, ghafla injini hulia kwa nguvu na magurudumu hayapati kitu. Fundi mmoja alitaja bei iliyozidi mshahara wangu wa mwezi. Nikasema moyoni, “Mimi niliyesomeshwa Kilatini kule seminari nitashindwa na vyuma?” Nikaamua kuifungua mwenyewe.

Giaboksi si jambo la uchawi, ndugu msomaji. Ni hesabu ya migawanyo. Gurudumu dogo lenye meno 12 likilizungusha kubwa lenye meno 36, dogo litazunguka mara tatu ili kubwa lizunguke mara moja. Mwendo hupungua, nguvu huongezeka. Ndiyo gia ya kupandia mlima. Ndani mna shafti mbili zilizojaa magurudumu ya namna hiyo, na meno yao yameshikana daima. Ubadilishapo gia kwa mguu, ngoma ndogo huzunguka na kuzisukuma uma za chuma. Uma hulisogeza gurudumu moja kando, nalo hukamatana na jirani yake kwa meno makubwa yaliyo ubavuni. Meno hayo ya ubavuni yakichakaa pembe zake na kuwa mviringo, au uma ukipinda, gia haishiki. Ikipata mzigo, huchomoka.

Kufikia huko ni kazi. Tulimwaga mafuta, tukaitoa injini katika fremu, tukaondoa klachi, gurudumu la sumaku, kichwa na silinda. Hapo ndipo kasha la injini lilipogawanyika pande mbili kama karanga. Kweli, meno ya ubavuni ya gia ya tatu yalikuwa yamelika, na uma wake umepinda. Nilinunua vipya sokoni. Vipuri vingi vya mji huu huvuka ziwa kutoka Kigoma, na bei yake huvuka pamoja navyo.

Tulikuwa tumetandika mkeka wa zamani uani, tukapanga kila kitu juu yake. Mpwa wangu aliomba nimpe daftari achore mpangilio wa magurudumu kabla hatujayaosha kwa petroli. Nilimwambia kwamba mimi ninao kichwani.

Jioni tukalifunga kasha. Nilipokuwa nikifuta mikono, kijana akainama, akaokota kijipete chembamba cha chuma, kipana kuliko sarafu kidogo. Akasema kwa upole, “Mjomba, hiki kimebaki.”

Nilikitazama. Nilijua, wasomaji, kwamba injini haina kitu cha ziada. Lakini giza lilikuwa linaingia, gasketi moja niliyokuwa nayo nilikwisha kuitumia, na mke wangu na majirani walikuwa wakitutazama. Nikazungusha shafti kwa mkono na kujaribu gia zote tano. Zote ziliingia, ya tatu ilisita kidogo, nikajiambia kwamba ni ugeni wa meno mapya. Nikamjibu kijana, “Hicho ni cha kipuri cha zamani. Kitupe.” Yeye hakubishana.

Siku mbili baadaye, injini ikiwa imerudi mahali pake, alikataa kuichukua. “Samahani, mjomba. Mimi sitabeba mtu nayo.” Nilikasirika. Nikampakia nyuma binti yangu mwenye miaka minane, nikasema tutamwonyesha huyu mwoga jinsi shule inavyofikiwa.

Katikati ya mlima gia ya tatu ikachomoka. Injini ikapiga ukelele, nasi tukaanza kurudi nyuma. Nyuma yetu lilikuja lori la magunia ya makaa likipiga honi. Dereva alikata usukani, akapita kwa nafasi ya mkono mmoja. Pikipiki ikaanguka. Binti yangu alichubuka goti. Zaidi ya hapo hakupata dhara. Aliketi kando ya barabara akinitazama, wala hakulia. Afadhali angalilia.

Tuliisukuma hadi nyumbani. Kijana alikuwa akichota maji. Nilimwita na kumwambia mbele ya mke wangu na watoto: “Wewe ulisema kweli, nami nilijua kwamba umesema kweli. Unisamehe.” Alitazama chini kwa haya, akaingia chumbani mwake, akatoka na kibiriti kitupu. Ndani yake, kimefungwa katika kitambaa, kilikuwamo kijipete. Hakukitupa.

Tulifungua tena yote tangu mwanzo. Kijipete kile hukaa mwisho wa shafti, kati ya gurudumu na ukuta wa kasha. Pasipo hicho, gurudumu hujitenga kidogo na jirani yake, na meno ya ubavuni hushikana kwa ncha tu. Mkono hauwezi kuhisi, lakini mlima huhisi. Aghalabu vijipete hivyo hunata kwa mafuta kwenye kasha, kisha huanguka bila kuonekana.

Safari hii kijana alishika daftari, akawa msomaji, nami nikawa mtiaji. Kila kipuri alikitaja jina na mahali pake, nami sikutia kitu kabla ya kusikia sauti yake. Gasketi ilikwisha kupasuka. Tukakata nyingine kwa karatasi yake maalumu, tukiilaza juu ya kasha na kuigonga taratibu kwa nyundo ndogo pembeni mpaka ukingo wa chuma ukaikata wenyewe. Tulipomaliza, tulitazama mkekani. Hapakubaki kitu. Tukatia mafuta mapya, kama lita moja, na mpwa wangu akaupanda mlima ule peke yake mara tatu kabla ya kukubali abiria. Mpaka leo gia ya tatu haijachomoka.

Enyi mnaotaka kujaribu kazi hii nyumbani, pokeeni mambo machache. Msioshee petroli karibu na moto au watoto. Chorani mpangilio kabla ya kugusa kitu, na kila shafti itungeni magurudumu na vijipete vyake katika waya mmoja kwa taratibu ile ile, kama shanga. Na kitu kikibaki, fungueni, hata kama ni usiku na majirani wanatazama.

Tangu utoto tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, nami nitaendelea kuifundisha methali hiyo. Ila sijapata kusikia methali ya mkubwa asiyesikia la mdogo wake. Labda kwa kuwa methali hutungwa na wakubwa. Binti yangu anacho kikovu gotini. Kila nimwonapo akiruka kamba na wenzake, mimi huiona methali hiyo imeandikwa pale.