Siku ya barua si siku ya safari

Tarehe aliichagua mtoto mwenyewe: Julai 31. Siku hiyo angetimiza miaka 11, na Julai 31 ndiyo siku aliyozaliwa Harry Potter katika hadithi za J.K. Rowling. Kwenye kitabu cha kwanza, kilichotoka mwaka 1997, Harry anapotimiza miaka 11 ndipo anapopata barua ya kuitwa katika shule ya uchawi ya Hogwarts. Binti huyu alikuwa amesoma vitabu vyote saba, vingi akiwa kitandani, nyumbani na hospitalini. Alitaka siku hiyo imkute Orlando, jimbo la Florida, amevaa skafu yake na amesimama mbele ya kasri la Hogwarts lililojengwa huko kwenye viwanja vya burudani vya Universal.

Wazazi wake ni Watanzania wanaoishi pembezoni mwa jiji la Atlanta, Marekani. Baba ni dereva wa lori, mama anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kwa miaka miwili walikuwa wakiweka fedha kidogo kidogo kwa ajili ya safari hiyo. Bibi, mama mzazi wa mama, alikuwa amewasili kutoka Muheza kukaa nao miezi sita. Kuna na mdogo wake wa kiume, ana miaka sita, ambaye hajui lolote kuhusu Harry lakini anapenda kitu chochote kinachokwenda kasi.

Kikwazo kilikuwa kimoja na kila mtu ndani ya nyumba alikijua. Binti ana selimundu.

Mwenye ugonjwa huu, ambao wengi huuita siko seli, ana chembe nyekundu za damu zinazoweza kugeuka umbo la mundu, zikawa ngumu na kuziba mishipa midogo. Sehemu isiyofikiwa na damu ya kutosha huanza kuuma, na maumivu yake si ya kusemea mezani. Yanaweza kuchochewa na kupungukiwa maji mwilini, joto kali, baridi ya ghafla, uchovu au homa. Sasa iangalie siku ya Julai pale Orlando: joto la nyuzi 33 lenye unyevu, kusimama foleni, kutembea kutwa, kuingia ghafla kwenye jengo lenye kiyoyozi kikali, na alasiri mvua ya radi inayolowesha watu. Ni kama mtu amekaa akaandika orodha ya mambo ambayo daktari amekataza, kisha akaiuza kwa tiketi.

"Mama watoto, tusimnyime tena," baba alisema usiku mmoja watoto wakiwa wamelala. Siku ya kuzaliwa ya mwaka uliotangulia binti aliimaliza wodini, keki ikaliwa na manesi.

"Simnyimi," mama alijibu. "Nahesabu."

Wiki iliyofuata, siku ya kliniki, mama alikwenda na karatasi yenye maswali 12. Mzazi anayepanga safari na mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu angefanya vyema kuiga hilo, kwa sababu ukishakaa mbele ya daktari, nusu ya ulichotaka kuuliza hupotea. Aliuliza kama mtoto anaweza kusafiri. Daktari akasema anaweza, mradi asiruke dozi ya haidroksiurea hata siku moja, anywe maji kabla hajasikia kiu, na apumzike kabla hajachoka. Michezo ya maji inayowalowesha watu chapachapa aiache. Kuhusu vigari vya reli vinavyopanda na kushuka kwa kasi, aanze na kidogo, na mazito wayaache mpaka safari nyingine. Homa ikifika nyuzi 38.5, hakuna kusubiri asubuhi: ni hospitali.

Kisha mama akauliza lile alilolihofia. Na tarehe?

Daktari hakukataa moja kwa moja. Alisema tu kwamba kama tarehe inaweza kusogezwa, ingekuwa yeye angeisogeza.

Njiani kurudi nyumbani mama alipanga maneno. Alifikiria kusema tiketi zimekwisha. Alifikiria kumsingizia bosi wa baba. Mwishoni aliegesha gari mbele ya duka la vyakula akamwambia binti ukweli: Julai ni joto mno kwa damu yako, tutakwenda wiki ya kwanza ya Novemba, kabla ya msongamano wa sikukuu ya Shukrani. Orlando itakuwa imepoa.

Binti alinyamaza. Aligeukia dirisha na mama akaona mabega yakitikisika. Walikaa hivyo kwa muda, injini inaunguruma.

Jibu lilikuja usiku, wakati wa kumeza dawa. "Mama, Harry alipata barua siku yake ya kuzaliwa," alisema. "Lakini treni ya kwenda shule aliipanda Septemba mosi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siku ya barua si siku ya safari. Nipeni barua tu."

Julai 31 barua ililetwa mezani na Bibi, kwenye bahasha ya kaki iliyofungwa kwa nta ya mshumaa. Baba ndiye aliyeiandika, kwa Kiswahili na kwa mwandiko wake wa shule ya msingi. Ilimtaarifu mhusika kuwa amekubaliwa, afike Novemba, na aje na vitu vifuatavyo: chupa ya maji, sweta, viatu vilivyozoeleka miguuni, na dawa zake.

Ndipo ikaanza kazi yenyewe ya kupanga. Wazazi wengi hudhani eneo la Harry Potter pale Orlando ni uwanja mmoja. Sivyo. Kijiji cha Hogsmeade na kasri, vilivyofunguliwa Juni 2010, vimo katika uwanja wa Islands of Adventure. Mtaa wa Diagon Alley, uliofunguliwa Julai 2014, uko katika uwanja wa jirani wa Universal Studios Florida. Vimeunganishwa na treni ya Hogwarts Express, na kuipanda kunahitaji tiketi inayoruhusu kuingia viwanja vyote viwili. Kuna na eneo la tatu, la Wizara ya Uchawi, lililofunguliwa Mei 2025 ndani ya uwanja mpya wa Epic Universe, ambao uko mbali kidogo na hivyo viwili. Hilo waliliacha.

Baba alipiga hesabu. Tiketi ya siku moja kwa mtu mzima inazidi dola 100, na hupanda au kushuka kulingana na tarehe. Watoto wa miaka mitatu hadi tisa hupunguziwa kidogo tu, na mwenye miaka 10 huhesabiwa mtu mzima. Kwa watu watano, alisema, siku moja inatosha: waingie asubuhi, watoke usiku, wavimalize viwanja vyote viwili.

Mama alitaka siku mbili za nusu nusu. Hapo ndipo walipovutana kweli, maana fedha ilikuwa ileile. Kilichoamua ni jambo dogo: tiketi ya siku nyingi hushusha gharama ya kila siku. Wakakubaliana siku mbili, na kilichoongezeka wakakikata kwingine. Hawakununua tiketi za kuruka foleni. Walichagua hoteli ya kawaida iliyo karibu, yenye friji na jiko dogo la umeme, ili mama apike na mtoto arudi kulala mchana. Fimbo ya kichawi, ile inayofanya vitu vya madirishani vicheze ukiipunga, ingenunuliwa moja, ya binti. Mdogo wake akaahidiwa aisikrimu.

Walipima urefu kwenye fremu ya mlango. Binti, kama watoto wengi wenye selimundu, ni mdogo kuliko rika lake: sentimita 124. Mdogo wake ana 111. Ukomo wa urefu ni muhimu kuujua mkiwa bado nyumbani, kwa sababu mtoto akikataliwa mlangoni baada ya foleni ndefu, kilio chake hakibembelezeki. Kigari cha Hippogriff kinahitaji sentimita 91. Mchezo wa benki ya Gringotts, 107. Ule wa ndani ya kasri na pikipiki za Hagrid, 122. Kwa kipimo binti aliruhusiwa yote. Kwa neno la daktari, alibakiwa na Hippogriff na treni. Aliichukua penseli akakata mengine mwenyewe.

Mama aliandaa bahasha ya pili, isiyo na nta. Ndani yake mlikuwa na barua ya daktari inayoeleza ugonjwa, dawa na dozi za kutuliza maumivu. Wagonjwa wengi wa selimundu wamewahi kukutana na chumba cha dharura ambako maumivu yao hayaaminiwi, na barua husema pale mtoto anaposhindwa kusema. Aliipigia simu kampuni ya bima kuuliza kuhusu matibabu ya dharura nje ya jimbo. Aliandika anwani ya hospitali ya watoto iliyopo Orlando. Aliomba mapema kwa intaneti utaratibu wa watu ambao afya yao haiwaruhusu kusimama foleni ya kawaida, badala ya kungoja afike getini. Akapekua masharti ya mizigo: maji ya chupa na vitafunwa vidogo vinaruhusiwa kuingia. Na kwa kuwa michezo mikubwa haipokei mabegi, waliamua begi la dawa lisifungiwe kabatini. Litakaa na Bibi.

Jambo la mwisho lilikuwa namba. Mama na binti walikubaliana kuwa kila saa atamuuliza, naye atajibu kuanzia sifuri hadi 10 jinsi anavyoumwa. Ikizidi tatu, wanaacha chochote wanachofanya.

Waliendesha kilomita zipatazo 700, wakisimama kila baada ya saa mbili ili miguu inyooshwe. Asubuhi ya kwanza hewa ilikuwa nzuri. Binti aliingia Hogsmeade, akaona mapaa yenye theluji ya kutengenezwa na kasri juu ya mwamba, akasimama kimya mpaka mama akadhani kuna kitu kinamuuma. Hapakuwa na kitu. Alipanda Hippogriff na mdogo wake, wakashuka wanapiga kelele. Walishirikiana kikombe kimoja cha Butterbeer, kinywaji kitamu kisicho na kilevi. Bibi alionja, akakunja uso. "Sukari yote hii, na watu wamepanga foleni?"

"Ngapi?" mama aliuliza ilipofika saa tano na nusu.

"Mbili," binti akajibu.

Lakini Bibi alikuwa amemwona akisimamia mguu mmoja. Hakusema neno. Alimwita mkwewe pembeni, na baada ya muda baba akarudi akisukuma kiti cha magurudumu alichokikodi karibu na lango.

Binti alirudi nyuma. "Sikai humo. Watu wataniona mgonjwa."

"Nani kakwambia ni chako?" Bibi alisema. "Changu hiki. Magoti yangu yana miaka 68." Akajibwaga humo, akakumbatia begi la dawa, akasukumwa kama hatua 50. Kisha akasema kiti kina joto, anataka kunyoosha miguu kidogo, mjukuu amshikie nafasi yake isije ikachukuliwa.

Binti alikaa. Bibi akamfunika miguu kwa khanga.

"Ngapi?" mama aliuliza tena, taratibu.

"Nne." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nilijua nikisema tutaondoka, na treni bado."

Mama alichuchumaa mbele ya kiti. Alimwambia ndiyo sababu tiketi ni za siku mbili. Walirudi hotelini. Dawa, maji, shuka la joto, usingizi wa saa tatu. Baba alikaa ukingoni mwa kitanda akimkanda mguu, na hakuigusa tena ile hesabu ya siku moja.

Mzazi anayesoma haya Temeke au Kisumu huenda asifike Orlando kamwe, ila mtoto wake atapelekwa Sabasaba, ufukweni au harusi ya mbali. Karatasi ya mama huyu inafaa kote huko: maji, kivuli, nguo ya kubadili, dawa begani mwa mtu asiyecheza, hospitali inayojulikana ilipo, na muda wa kupumzika ulioandikwa kwenye ratiba sawa na muda wa kucheza. Na mtoto aambiwe mapema kuwa akisema anaumwa, furaha itasogezwa tu, haitafutwa. Asipoliamini hilo, atasema mbili wakati ni nne.

Siku ya pili waliingia saa nane mchana, kwa upande wa Diagon Alley. Namba ilikuwa moja. Binti alipunga fimbo yake mbele ya madirisha mpaka ikamtii. Giza lilipoanza waliingia kituo cha King's Cross, wakapanda treni wote watano kwenye chumba kimoja, Bibi dirishani. Safari ni ya dakika chache tu. Kwa kuwa picha za dirishani wakati wa kwenda si zile za kurudi, walipanda mara mbili.

Bibi sasa amesharudi Muheza. Akiulizwa Marekani ameona nini, huanza na treni. Kiti cha magurudumu hukieleza pia, na mpaka leo husema kilikuwa cha kwake.