Flashi, bati na baba mkwe

Nianze kwa kukiri, maana ukurasa huu ni wa kuambiana ukweli: mwaka juzi nilimficha mume wangu jambo kwa miezi miwili. Tulia, si unachofikiria! Hakukuwa na mwanaume mwingine. Kulikuwa na flashi.

Tuna kamera ndogo ya dijitali, ile ya kuenea kiganjani, na kasha lake la plastiki ngumu la kuzuia maji. Tulijizawadia tulipotimiza miaka mitano ya ndoa. Wenzetu hununua sofa. Sisi kila likizo tukienda ukweni kwangu, Tukuyu, tunabeba kamera, miwani ya kuogelea na mrija, tunashuka mpaka Ziwa Masoko, kilomita kama 15 kutoka mjini, kuwapiga picha samaki.

Kama hujafika, ni ziwa la volkeno, la duara, halifiki kilomita moja kwa upana. Wengine huliita Kisiba. Wengi wanalijua kwa hadithi ya Wajerumani, wanaosemekana kutupa humo sarafu na mali wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mimi sarafu sijaiona hata moja. Ila samaki! Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu samaki wadogo wa humo, ndugu wa mbali wa sato, kwamba wanagawanyika makundi mawili ndani ya ziwa hilo hilo moja: madume ya njano yanayokaa karibu na ukingo, na madume ya bluu yanayokaa chini, kwenye giza la mita 20 hivi. Wanasayansi wanasema ni kama kuona aina mpya ya samaki ikianza kuzaliwa. Kijijini kwa wakwe zangu, jamani!

Baba mkwe hakuhitaji jarida. Alivua pale tangu utotoni na habari za njano na bluu anazijua. Sasa sikiliza. Kwa mila za Kinyakyusa za zamani, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Vijana wengi wameacha, lakini mzee wangu ni wa zamani kweli. Akipita, napisha. Akitaka kuniambia kitu, anamtuma mama au mjukuu. Miaka yote hiyo ya ndoa na hatujawahi kukaa meza moja. Ndiyo maana aliponitumia ujumbe kwamba amesikia mkamwana anapiga picha majini, na angependa kuwaona samaki wa Masoko wakiwa hai kabla macho yake hayajaziba kabisa na ukungu, mwenzenu nililichukulia kama agizo.

Nikaingia majini. Picha zikatoka kama mvua ya mawe! Samaki kijani kijivu, na mbele yake madoa meupe mia. Mume wangu akasema kamera mbovu. Haikuwa mbovu. Flashi ya kamera ndogo iko jirani kabisa na lenzi, kwa hiyo inamulika kila chembe ya tope iliyopo kati yako na samaki na kuirudisha moja kwa moja kwenye picha. Ukiizima nayo, maji yanakula rangi. Nyekundu ndiyo hufa kwanza, ukifika mita tano imeshafifia sana, na njano inafuata baadaye. Dawa ni flashi ya nje, iliyofungwa kwenye mkono wa pembeni, ili mwanga umfikie samaki kwa upande na zile chembe za katikati zibaki gizani.

Hapo ndipo nilipokosea. Tulikuwa na akiba ya bati za nyumba yetu ndogo tunayoijenga huko huko Tukuyu, na mnajua mvua ya Tukuyu, zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka. Nyumba bila bati huko ni bwawa. Mimi nikachomoa humo humo, kimya kimya, nikanunua flashi ya mtumba Dar es Salaam. Muuzaji alinihakikishia inakubali kamera yoyote. Kubwa, zito, linatisha. Nikajua nimelamba dume.

Kila picha ikatoka nyeusi! Nilihangaika wiki kadhaa, kwenye ndoo ya maji bafuni, mume akiwa kazini. Kumbe flashi ile ilikuwa ya enzi za filamu. Kamera za dijitali nyingi hupiga mwanga mdogo wa kuonja kwanza, zipime, ndipo zipige mwanga wenyewe. Flashi yangu ilikuwa inaona ule wa kuonja, inalipuka, na picha halisi ikipigwa yenyewe bado inajichaji. Nilikuwa nimenunua mchumba anayeitikia kabla hajaitwa.

Nilimweleza tukiwa Tukuyu, jioni, chini ya paa la wazazi wake, mvua ikipiga. Alikuwa ameshaongea na fundi wa bati. Hakupiga kelele. Alinyamaza siku mbili, na ndugu msomaji, bora kelele. Siku ya tatu akaniambia, "Mama, hela imeshakwenda. Kinachoniuma ni ule bafuni peke yako na ndoo." Kisha akaomba nimweleze hiyo flashi inafanyaje kazi. Tulikesha. Sikumbuki mara ya mwisho tulikuwa tumekesha tukiongea kitu kisicho ada wala kodi.

Tuliuza lile dude kwa hasara, tukimwambia mnunuzi ukweli, na hela ya kuongezea tukakubaliana pamoja. Safari hii tulijua cha kuuliza. Kwanza, je, inatambua mwanga wa kuonja? Pili, inawashwaje? Makasha ya kamera ndogo kwa kawaida hayana tundu la waya wa umeme, kwa hiyo unahitaji waya wa faiba unaochukua mwanga wa flashi ya ndani na kuupeleka kwenye ya nje, huku ile ya ndani ukiiziba kwa kifuniko cheusi isipige chembe. Majina yaliyobaki mezani yalikuwa mawili, yote ya Kijapani: Sea&Sea YS-01 na Inon S-2000. Nguvu zao zinalingana, zote zinakula betri nne za AA, na zote unaweza kuziachia zijipimie au ukapunguza mwanga mwenyewe kwa kuzungusha kitufe. Hilo la mwisho nililing'ang'ania, maana kwenye maji ya tope kuna wakati unataka uamue mwenyewe. Mume alipenda ya Inon kwa sababu ni ndogo. Nikamwachia. Nilikuwa na deni.

Kuhusu kubwa na ndogo, niwaambie: kwa kamera ndogo usililie nguvu. Ukiwa mbali, maji yanakula mwanga wa kwenda na wa kurudi. Sogea, kaa chini ya mita moja na samaki. Betri chukua za kuchaji. Na oringi! Kila ukifungua, ifute, ipake grisi kidogo ya silikoni, angalia usiache hata unywele. Hiyo kazi nimempa mume, ana mkono wa subira kuliko mimi.

Agosti tukashuka Masoko. Yeye alishika mkono wa flashi, mimi kamera, tukielea pamoja kama kaa mmoja mwenye vichwa viwili. Asubuhi nzima. Picha ya arobaini na kitu, dume la njano likageuka ubavu: njano kweli, kama ndizi mbivu, na maji nyuma yake meusi safi bila doa.

Tuliisafisha kubwa studio ya mjini, mama mkwe akaipeleka ndani. Mimi nikabaki jikoni na viazi, masikio nje. Kimya kirefu. Kisha mjukuu akaja mbio na ujumbe.

"Babu anasema ndaga fijo. Anasema ya njano kaiona. Anauliza ya bluu iko wapi?"

Mita 20 kwenda chini, huko mrija haufiki. Usiku ule nilimkuta mume wangu kitandani na simu, anaangalia bei za kozi ya kuzamia Unguja. Safari hii alinisogezea simu nami nione. Bati tumepiga nusu.