Hifdhi, Shule na Uwanja: Nani Ana Nafasi ya Kucheza?



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake (S.A.W.), wiki hii tumependa kuzungumza na wazazi, na hasa kina mama, juu ya swali linaloletwa kwetu kila michezo ya shule inapokaribia: mtoto ambaye hakupitia njia ya kawaida ya masomo, je, ana nafasi katika timu ya shule?

Watoto wa namna hiyo si wachache hapa Chaani, wala Magongo na Mikindani. Yuko aliyemaliza shule ya msingi akapelekwa kuhifadhi Qur'ani miaka miwili au mitatu. Yuko anayesomeshwa nyumbani. Yuko anayesoma jioni katika kituo cha gumbaru kwa kuwa mchana yumo kazini, na yuko mtahiniwa wa kibinafsi ambaye lango la shule hulipita siku za mtihani tu.

Mama mmoja wa mtaa wetu alitujia pamoja na mwanawe. Kijana huyo alihifadhi juzuu zote thelathini, alhamdulillah, kisha akaingia kidato cha kwanza akiwa amewapita wenzake kwa umri. Mpira anaujua, na mwalimu alimchagua. Majina yalipopelekwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa, jina lake likarudishwa. Kijana akasema mbele yetu kwamba lau asingehifadhi, angecheza. Mama yake alilia, na hakuulilia mpira. Alililia neno lile.

Basi na tulitazame jambo hili kwa insafu. Mashindano ya Chama cha Michezo ya Shule za Sekondari Kenya ni mashindano baina ya shule na shule. Mchezaji hutakiwa awe mwanafunzi aliyesajiliwa katika shule anayoichezea, na asiwe amevuka umri uliowekwa. Kanuni hii haikutungwa kumdhulumu hafidhi wala maskini. Imewekwa kuwazuia wanaoingiza watu wazima katika timu za watoto, na anayeumia hapo ni mtoto wa haki anayenyang'anywa nafasi yake.

Tena mpaka wa umri si jambo geni katika dini yetu. Abdullahi bin Umar (R.A.) alijitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka 14, Mtume (S.A.W.) akamrudisha. Alipojitokeza tena siku ya Khandaq akiwa na miaka 15, akamkubali. Hakulaumu wala hakughushi umri, alisubiri. Kwa hivyo mzazi anayefikiri kubadilisha cheti cha kuzaliwa ili mwanawe acheze na amche Mola wake. Hafidhi anayeingia uwanjani kwa cheti cha uongo amekwisha kushindwa kabla ya filimbi.

Lakini sunna haikuishia kwenye kurudisha. Huyo huyo Ibn Umar anatupokelea kwamba Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi mara mbili. Waliofunzwa mbio walianzia Hafyaa mpaka Thaniyatul Wadaa. Wasiofunzwa waliwekewa masafa mafupi zaidi, kutoka Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, na Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Tuzingatie hapo: wasiofunzwa hawakuchanganywa na waliofunzwa, wala hawakuambiwa warudi nyumbani. Kila kundi lilipewa mbio zake.

Wenzetu wa mbali nao wamelishughulikia suala hili. Katika jimbo la Florida, Marekani, sheria ya mwaka 1996 ilimruhusu mtoto anayesomeshwa nyumbani kuichezea shule ya umma, kwa masharti, likiwemo la kuthibitisha kwamba masomo yake yanaendelea vizuri. Tim Tebow alisomeshwa nyumbani na mama yake, akaichezea shule ya Nease kwa njia hiyo, na mwaka 2007 akatunukiwa tuzo ya Heisman, iliyo kubwa kabisa kwa wachezaji wa vyuo vikuu huko.

Kwetu hali ni nyingine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake ameandikishwa shule, ingawa imezitaja duksi na madrasa kwa majina yake. Na mtaala mpya umezidisha uzito wa suala hili, kwa kuwa sanaa na sayansi ya michezo ni mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Zamani aliyekosa timu alikosa kujifurahisha. Leo huenda akakosa riziki yake ya kesho.

Tufanyeni nini? Kwanza, kabla ya kumtoa mtoto shule, tuhesabu miaka yake kwa vidole. Husemwa mshika mawili moja humponyoka, lakini wako wanaohifadhi alfajiri na jioni huku shule ikiendelea, na hifdhi yao ni madhubuti. Pili, aliyekwisha kuvuka umri asivunjwe moyo. Klabu za mtaani hazimuulizi mtu anasoma wapi. Tatu, maimamu na walimu wa vyuo tukae na wakuu wa shule, tupange ligi ya vijana wa tahfidh na wa gumbaru, wapate mbio zao kama walivyozipata wale farasi.

Wala tusiwasahau mabinti. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (R.A.). Hijabu imeruhusiwa rasmi katika kandanda ya dunia tangu mwaka 2014, na Nouhaila Benzina wa Morocco aliivaa katika Kombe la Dunia la wanawake mwaka 2023. Stara si kizuizi tena; kinachobaki ni kuwatafutia mahali pa heshima pa kuchezea.

Yule kijana tulimwambia kwamba Qur'ani haikumnyima kitu. Sisi wakubwa ndio hatukumpangia. Na watoto wetu wakidhani Kitabu cha Mungu ndicho kilichowafungia lango, hasara hiyo itatupata sote.

Mwenyezi Mungu awape wana wetu elimu, afya na adabu, na atupe sisi busara ya kuwalea. Wabillahi tawfiq.