Ukifika Kisegi, Tazama Upanga wa Jabari

Iwapo umelelewa jijini, yawezekana hujawahi kuliona giza halisi. Basi funga safari hadi Kisegi, kando ya Ziwa Viktoria, kule Homa Bay na Migori zinakopakana. Nenda mwishoni mwa Januari, usiku usio na mbalamwezi.

Mchana utawakuta omena wameanikwa juani. Wakumbuke hao, tutawarudia. Usiku wavuvi huwasha taa ziwani, kwani omena hufuata mwanga.

Kati ya saa tatu na saa nne usiku, inua uso. Karibu na utosi utaona nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Huo ni mshipi wa Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion. Kusini yake waning'inia upanga, na katikati ya upanga kuna kitu kama ukungu. Ni wingu la gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa, mwendo wa miaka 1,300 ya nuru kutoka kwetu.

Nyota changa huzungukwa na sahani ya gesi na vumbi. Humo ndimo sayari hufinyangwa. Darubini ya Hubble, iliyorushwa angani mwaka 1990, iliziona sahani zaidi ya 150 katika wingu hilo.

Lakini jirani yao ni mkali! Katikati ya wingu pana nyota yenye uzito wa Jua letu zaidi ya mara 30. Joto la uso wake hukaribia digrii 40,000, ilhali la Jua ni kama 5,500 tu. Mionzi yake ya urujuanimno huchemsha gesi ya sahani zilizo karibu na kuipeperusha, hata nyingine zikawa na mkia kama tone la maji.

Sasa warudie omena wetu. Jua huwanyang'anya maji, nyama na mifupa ikabaki. Vivyo hivyo, gesi hutoroka kwanza, lakini changarawe zilizokwisha kushikamana huweza kubaki. Mwaka 2024 watafiti waliotumia darubini ya James Webb walieleza kwamba sahani moja huko inapoteza gesi kwa kasi kubwa mno, kiasi cha kuzuia sayari kubwa ya gesi kama Mshtarii isizaliwe.

Je, sayari ndogo kama Dunia zina tumaini? Mwaka 2023 darubini hiyohiyo iligundua maji katika sahani nyingine iliyo kwenye ujirani mkali kama huo, ndani ya wingu liitwalo NGC 6357. Tumaini lipo.

Jambo hili latuhusu. Wataalamu wengi huamini kwamba Jua letu nalo, miaka bilioni 4.6 iliyopita, lilizaliwa katika kundi la nyota nyingi. Mshtarii wetu aliwahi kujipatia gesi yake, na sisi tukapata mahali pa kusimama.

Basi ukiwa ufuoni Kisegi, waonyeshe watoto ukungu ule. Pengine nasi tulitoka katika wingu kama hilo.