Juu ya nini ndeke inavuta kushoto?

Tangu juma lililopita kuna mabishano katika bweni letu, na kwa kuwa yamefika hata mezani wakati wa kula, sisi wa darasa la tano tumeona vema kuyaandika hapa. Swali ni hili: ndege ndogo ya motere moja ikianza kukimbia katika kiwanja chetu cha Kasongo, juu ya nini pua yake inavuta kushoto, halafu inarudi katikati? Wengine wanasema ni upepo. Wengine wanasema kiwanja kimelala upande mmoja. Na mmoja wetu (jina tunalificha, ni ndugu yetu) alisema piloti hajui kazi.

Upepo unaweza kugeuza ndege, hatukatai. Lakini upepo leo unatoka huku, kesho kule. Kiwanja nacho, kama kingekuwa ndiyo sababu, ndege ikianzia mwisho wa pili ingevutwa kuume. Sisi tumetazama mara nyingi: ianzie huku, ianzie kule, inavuta kushoto kwa piloti. Basi sababu iko ndani ya ndege yenyewe. Na huyo piloti, kama hangejua kazi, ingekwisha kuingia katika majani.

Tuanze na elisi. Ndege aina ya Cessna, kama zile ambazo shirika la MAF limetumia katika Kongo tangu miaka ya 1960, elisi yake iko mbele. Kwa mtu aliyekaa mahali pa piloti inazunguka kuelekea kuume, kama mishale ya saa, mara 2,500 kwa dakika au zaidi. Mambo yote tutakayosema yanatoka katika mzunguko huo.

Shika bido ya mafuta ya mawese iliyofungwa kwa nguvu. Ukigeuza kifuniko, bido nayo inataka kugeuka upande wa pili, sharti uibane kwa magoti. Ni sheria ile ya Isaac Newton ya mwaka 1687 tuliyokariri wote kwa ajili ya mtihani. Motere inasukuma elisi kuume. Hivyo mwili wa ndege unasukumwa ulale kushoto. Ikiwa bado chini haiwezi kulala, basi gurudumu la kushoto linakandamizwa zaidi kuliko lile la kuume, nalo linakokota. Udongo ukiwa mkavu ni kidogo. Mvua ikisha kunyesha ni zaidi, na sisi wa Maniema mvua tunaijua.

Majini ni vilevile. Ndege za kwanza za vita za upande wetu hazikuwa na magurudumu: mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege za majini za Short mpaka ziwa Tanganyika, kule njia ya Kabambare inakoelekea, wakazirusha kwenda kutupa mabomu Kigoma, iliyokuwa mikononi mwa Wadachi. Ndege ya namna hiyo inakaa juu ya maboya mawili kama mitumbwi. Motere ikivuta kwa nguvu zote, boya moja linazama kuliko la pili, na pua inageuka upande wa lile lililozama.

Jambo la pili ni upepo wa elisi. Hauendi nyuma moja kwa moja. Unajisokota kama kamba kuzunguka mwili wa ndege: unapita chini ya tumbo, unapanda ubavu wa kushoto, halafu unapiga lile bawa lililosimama la mkia, katika upande wake wa kushoto. Mkia unasukumwa kuume, na mkia ukienda kuume pua inakwenda kushoto.

La tatu Wagenya wanalijua kuliko sisi wa mwaka wa fizika. Ukivuka Lualaba, tazama: anayepiga kafi upande wa kuume tu, mtumbwi unageuka kushoto. Ndege ikiinua pua ili iache ardhi, elisi nayo inainama kidogo kwenda nyuma. Hapo panga lake linaloshuka, lililo upande wa kuume, linakata hewa kwa nguvu kuliko lile linalopanda kushoto. Ni kama kafi moja kubwa upande wa kuume na kafi ndogo upande wa kushoto. Kwa hiyo nguvu hii haionekani sana mwanzoni ndege ikikimbia sawasawa juu ya magurudumu matatu. Inakuja pua ikiinuka.

Kuna na la nne, lakini ni la ndege zenye gurudumu dogo mkiani, kama zile DC-3 za zamani zilizoonekana sana katika Kongo. Tulilijaribu kwa gurudumu la kinga ya mwalimu wetu (kwa ruhusa yake, wasomaji wasiwe na wasiwasi). Shika ekseli kwa mikono miwili, mwenzako azungushe gurudumu kwa nguvu, halafu jaribu kuliinamisha. Halikutii: linageuka pembeni! Vilevile mkia wa ndege hiyo ukiinuka, pua inainama, na elisi inayozunguka kuume inaigeuza kushoto.

Tukitaja kinga, tuwakumbuke Wilbur na Orville Wright. Walikuwa mafundi wa kinga huko Marekani. Ndege yao iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 ilikuwa na motere moja na elisi mbili zilizovutwa kwa minyororo, kama ya kinga. Mnyororo mmoja waliupitisha kwa kuukata msalaba, na hivyo elisi moja ikazunguka kuume na nyingine kushoto. Nguvu moja ikafuta nyingine. Sisi tunaona hiyo ni akili ya kupita kiasi.

Mtu asifikiri kwamba kushoto ni amri ya Mungu. Tiger Moth ya Waingereza, elisi yake inazunguka upande wa pili, nayo inavuta kuume. Spitfire za kwanza zilivuta kushoto. Zilipotiwa motere mpya ya Griffon zikaanza kuvuta kuume, na mapiloti walizizoea kwa shida. Ndege za motere mbili nazo, nyingi elisi zake zote mbili zinazunguka upande mmoja. Kama ni upande wa kuume, motere ya kushoto ikizimika hewani ni vibaya kuliko ile ya kuume, kwa sababu ile kafi kubwa ya motere iliyobaki iko mbali zaidi na katikati.

Sasa piloti anafanya nini? Anakanyaga pedali ya kuume, na usukani wa mkia unarudisha pua. Lakini hapa ndipo kuna shida. Nguvu ya hewa juu ya usukani inafuata mwendo mara mwendo: ukitoka kilometa 40 kwa saa kufika 80, nguvu inakuwa mara 4. Maana yake, mwanzoni, wakati motere inavuta kwa nguvu yote na ndege bado ni polepole, usukani ni dhaifu. Upepo wa elisi unausaidia kidogo, basi. Ndiyo sababu piloti mzuri hangoji pua iende ndipo akanyage. Anafungua motere polepole, na mguu wa kuume umekwisha kutangulia. Akichelewa kidogo tu, mita chache za kiwanja zimekwisha, na kando ya kiwanja kuna watu.

Wako sana. Siku ya ndege, wadogo zetu, wamama wenye vikapu, mbuzi, wote wanajipanga kando. Mlinzi mmoja mzee wa kiwanja tulimwuliza namna gani anawafukuza, maana hawezi kufika pande zote mbili kwa wakati mmoja. Akasema kwanza anatazama ndege inaanzia mwisho gani. Halafu anachukua fimbo yake na kwenda upande ulio mkono wa kushoto wa piloti. Wale wa kuume anawarudia baadaye.