Nyama ya Mtu Mmoja

Kwetu Ituri mtu halaumiwi sana kwa kula kidogo, wala kwa kula vibaya. Hulaumiwa kwa kula peke yake. Mtoto aliyejificha nyuma ya jiko na kipande chake cha nyama huitwa mchoyo kabla hajaweza kulitamka neno lenyewe. Na mtu mzima afanyaye hivyo hupata majina mabaya zaidi, ambayo wasomaji wetu wanayajua, wala hatuna haja ya kuyaandika. Muhogo mtu aweza kula peke yake, na sombe, na uji. Hakuna atakayemwuliza neno. Lakini nyama ni kitu kingine. Mbuzi akichinjwa, kila kiungo kina mwenyewe: kuna sehemu ya wazee, kuna sehemu ya mjomba, kuna sehemu ya waliosaidia kuchuna. Nyama isiyo na wa kugawiwa yaonekana kama nyama ya wizi.

Basi twataka kuandika juu ya jambo dogo ambalo watu hawalizungumzi: mtu anayekwenda peke yake penye nyama ya kuchoma, akaketi, akala, akalipa, akaenda zake. Twalijua jambo hilo kwa sababu sisi wenyewe twalifanya. Kazi ilituleta Bunia, tukapata chumba katika mtaa wa Ngezi. Watu wetu walibaki Mahagi, maana watoto wako shuleni, na njia ile si ya mchezo. Mwaka wa pili sasa jioni zetu nyingi ni za mtu asiye na wa kumpikia, wala wa kupikiwa naye.

Mahali penyewe pa nyama, mtu wa Ngezi hahitaji kuelezwa. Pipa la chuma limepasuliwa katikati na kulazwa juu ya miguu minne. Juu yake wavu wa waya. Ndani makaa, au makala kama wasemavyo wenyeji. Kisha moshi, ambao humfikia mteja kabla ya nyama. Paja la mbuzi laning'inia karibu, na kijana mwenye kisu hukata mbele ya macho yako ili usije ukasema baadaye kwamba umepewa mifupa. Wengi huiita michopo. Huletwa katika sinia pamoja na kitunguu kibichi, chumvi na pilipili, na kando yake ndizi za kukaanga au chikwange iliyofungwa katika majani. Maji ya kunawa humiminwa kutoka jagi, mkubwa kwanza.

Siku yetu ya kwanza kijana wa moto alituuliza, "Papa, muko bangapi?" yaani mko wangapi. Msomaji atuwie radhi hapa: katika ukurasa huu twasema "sisi", lakini kitini aliketi mtu mmoja tu. Tukamjibu, mmoja. Akatazama nyuma yetu, kama kwamba mwingine amekawia kuegesha pikipiki. Akauliza tena kama angoje wenzetu wafike ndipo aweke nyama motoni. Tukamwambia asingoje. Alifanya kazi yake vizuri, hatuna la kumlaumu. Lakini sinia lilipofika lilikuwa sinia la watu watatu, maana nyama mahali pale hupimwa kwa kilo, na kipimo cha chini ni nusu. Nusu kilo ya mbuzi, pamoja na ndizi zake, si chakula cha mtu aliyeketi mezani siku nzima akiandika.

Nyama ilikuwa nzuri. Shida haikuwa katika nyama. Shida ni kwamba mikono ya mtu aliyezoea kula na wenzake ina kazi nyingi ambazo hazijui mpaka zimekosekana. Huchagua kipande kizuri na kukisogeza upande wa jirani. Hungoja mkubwa aanze. Huvunja mfupa kwa ajili ya mtoto. Mtu akiwa peke yake kazi hizo zote hupotea, na kinachobaki ni kutafuna. Tulimaliza kwa dakika chache chakula ambacho watu wanne hukikalia saa mbili, na kilichobaki tulifungiwa katika karatasi.

Mpwa wetu mmoja amesoma huko Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini. Tulipomsimulia habari hii alicheka, akasema kwamba angekuwa Seoul pengine asingepewa hata hiyo nyama. Wakorea nao wana nyumba za nyama ya kuchoma, tena wanazipenda mno. Lakini kwao moto uko katikati ya meza yenyewe. Nyama huletwa mbichi, na wenye kula huichoma wao wenyewe, wakaikata kwa mkasi, wakaifunga katika jani la saladi pamoja na kitunguu saumu na mchuzi mzito wa soya, wakatia kinywani. Visahani vya mboga na kabichi ya pilipili huizunguka meza nzima. Mmoja hugeuza nyama, mwingine humimina kinywaji, na si ajabu mtu kumfungia mwenzake jani na kumlisha. Sasa nyumba nyingi za namna hiyo zina sharti: haziuzi chini ya sehemu mbili. Mteja aliye peke yake alipe sehemu mbili, au atafute mahali pengine. Wenye nyumba husema kwamba makaa, meza na vile visahani vyote ni gharama ile ile, awe mtu mmoja au wanne. Kwa hesabu ya biashara wana haki. Lakini mteja haisikii kama hesabu.

Lugha yao nayo yatufundisha kitu. Watu wa nyumba moja huitwa sikgu, na maana ya herufi zake ni "vinywa vinavyokula". Hivyo ndugu ni yule mnayekula naye. Wala si wao tu. Neno la Kifaransa copain, ambalo vijana wa Bunia hulitumia kutwa, limetoka katika Kilatini, katika maneno mawili yenye maana ya "pamoja" na "mkate". Lakini Wakorea hao hao leo wana neno jingine, honbap, maana yake chakula cha mtu peke yake. Na limeenea kwa sababu zaidi ya theluthi moja ya nyumba zao sasa zina mtu mmoja ndani yake. Sasa kumefunguliwa nyumba zenye moto mdogo wa mtu mmoja mmoja. Tokyo pia, mwaka 2018, ilifunguliwa nyumba ya nyama ambayo kila mteja ana jiko lake dogo mbele yake.

Lakini tusifikiri kwamba Afrika haijapata dawa yake. Dawa yetu ni ya zamani, nayo ni kijiti. Anayesafiri kutoka Kampala kwenda Jinja ajua Namawojjolo, mahali ambapo basi halijasimama vizuri na madirisha yamekwisha kujaa mikono yenye vijiti vya nyama na kuku, na ndizi za kuchoma. Msafiri hununua kijiti kimoja, akala akitazama njia, na hakuna amwitaye mchoyo. Basi zima lajua kwamba yu safarini. Kule Forodhani, Unguja, mishikaki huuzwa namna hiyo hiyo kila jioni. Nyama ya kilo hudhani kwamba mnunuzi ana watu. Mshikaki haumwulizi mtu ana wangapi nyumbani.

Na Bunia wako wengi wasiotaka kuulizwa. Watu wa kazi waliowaacha wenzao mbali si jambo jipya hapa. Tangu dhahabu ilipogunduliwa upande wa Kilo mwaka 1903, Ituri imewajua. Lakini baadaye yalikuja mambo mengine. Vita vilivyoanza mwaka 1999 viliwaondoa watu mezani kwa maelfu, na mapigano ya Mei 2003 yaliingia ndani ya Bunia yenyewe. Kisha, tangu mwisho wa mwaka 2017, Djugu ikawaka tena, na waliokimbia wakajaa mjini na katika kambi kama ile ya Kigonze. Juu ya hayo ikaja Ebola, iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020. Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri iliwaua watu zaidi ya 2,200. Siku zile watu waliacha kupeana mikono, na sinia moja la watu wengi likaogopwa. Ndoo zile za maji ya dawa milangoni zilikuwa na faida kubwa, hatusemi vingine. Lakini waliozoea wakati ule kula kila mtu na sahani yake, wengine hawajarudi.

Tunaye jirani, mtu wa makamo kutoka upande wa Djugu. Alikuwa na ng'ombe, wakachukuliwa. Alikuwa na mke na watoto. Baadhi amewazika, na waliobaki wako ng'ambo ya ziwa, Uganda. Kwa muda mrefu tulimwona akipita penye nyama Jumamosi, akisimama mbali na viti, akisema neno moja tu: "Nifungie." Hufungiwa nyama katika karatasi, akaenda kuila chumbani, mlango umefungwa. Baadaye hata hilo akaliacha, akawa mtu wa chai na mkate asubuhi na jioni, na mwili ukaonyesha. Tulimwuliza kama ni fedha. Akajibu kwamba fedha kidogo anayo. "Nikikaa pale peke yangu," akasema, "nawaambia watu wote kwamba sina mtu."

Jibu hilo lilitukalia moyoni siku nyingi. Tulikuwa tumedhani kwamba aibu ya kula peke yako ni aibu ya uchoyo, ile ya mtoto nyuma ya jiko. Kumbe kwa mtu huyu ni aibu ya msiba. Mchoyo huwaficha wenzake chakula. Huyu aliwaficha watu kwamba hana wenzake. Na desturi yetu, iliyo nzuri, haijui kuwatofautisha wawili hawa. Yawatazama wote kwa jicho moja. Wahenga walisema, "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe". Lakini hawakusema ale na nani yule ambaye mzaliwa naye amekwisha kufa.

Wengine watasema: aalikwe nyumbani kwa watu. Alialikwa, na sisi tulikuwa miongoni mwa waliomwalika, na alikuja mara moja. Mtu hawezi kuwa mgeni kila siku. Kuna jioni mtu ataka kula nyama aliyoinunua kwa fedha yake, akiwa ameketi, bila kuonewa huruma.

Mwenye mahali pale pa nyama ni mtu wa biashara, wala hakuwaza mambo haya tunayoyaandika. Lakini mwaka uliopita viti vilimpungukia, akaweka benchi refu la mbao kando ya pipa la moto, akaanza pia kuchoma mishikaki, ambayo huuzwa mmoja mmoja. Wanaokaa pale huelekea makaa, hivyo hakuna atazamaye uso wa mwingine. Chumvi na pilipili ni bakuli moja kwa wote, na hupita kutoka mkono hadi mkono, ikabidi mtu aseme "leta" au "karibu" apende asipende. Kijana wa moto haulizi tena "muko bangapi" kwa watu wa benchi. Huuliza mishikaki mingapi.

Jirani yetu tumemwona pale mara mbili. Mara ya kwanza alisimama nyuma ya benchi, akafungiwa zake kama zamani. Mara ya pili aliketi mwishoni kabisa, akala mishikaki miwili, akaomba chumvi kwa dereva wa pikipiki aliyekuwa karibu naye, wakasemezana kidogo juu ya mvua, akaondoka kabla ya giza. Jumamosi benchi hilo hujaa mapema. Anayetaka nafasi yafaa afike kabla ya saa kumi na mbili.