TIBA YA MUMIANI NI KUULIZA

Leo tuongee habari za mumiani. Ndiyo, mumiani wale wale.

Sisi tuliokulia huku ziwani tulitishwa nao: usichelewe kurudi, watakunyonya damu. Hadithi hii ni ya zamani. Enzi za mkoloni, Nairobi na Kampala watu waliwaogopa wazimamoto, wakiamini wanakamata watu na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White alizitungia kitabu kizima habari hizo mwaka 2000. Na hazijaisha. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi watu waliuawa na makundi yenye hasira, kwa kushukiwa tu kuwa wananyonya damu.

Siwacheki wazee wetu. Mtu akija na sindano, akachukua damu yako na kuondoka bila maelezo, utafikiria nini?

Ila wodini hofu hii inaua watoto. Malaria kali inaharibu chembe nyekundu za damu. Mtoto anapauka viganja na midomo, anahema haraka, analegea, hata kunyonya hataki. Kipimo cha wingi wa damu kikishuka chini ya 5, hapo tunahesabu saa, sio siku. Na damu haina kiwanda, lazima itoke kwa mtu. Ndipo ndugu wanaanza kutazamana, mmoja mmoja anatoka nje "kupiga simu".

Bibi mmoja aliniuliza mbele ya wanawe: "Mwanangu, hiyo damu mnaipeleka wapi?" Nikamshika mkono hadi maabara. Akaonyeshwa chupa, majina yaliyoandikwa, na jokofu. Akarudi akawaambia wanawe, "Haya, kunjeni mikono." Wakatoa wawili. Mtoto akawekewa damu usiku ule ule, asubuhi akaomba uji.

Sasa nanyi nawajibu kama nilivyomjibu yeye:

Damu ya kupima ni kidogo sana, kama kijiko kimoja cha chai au viwili. Anayechangia anatoa kama mililita 450, na mtu mzima ana lita 5 hivi. Mtoto wa kilo 10 ana mililita 800 tu mwilini, ndiyo maana akipungukiwa hana akiba.

Damu ikitolewa inapimwa kwanza Ukimwi, kaswende, na homa ya ini B na C. Inakaa kwenye jokofu siku 35 tu, basi. Na damu haiuzwi. Ukiambiwa uilipie, nenda kwa uongozi wa hospitali, usinyamaze.

Anayechangia awe na miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na afya njema. Wanaume kila miezi 3, wanawake kila miezi 4. Wewe mjamzito au unayenyonyesha, pumzika, zamu ni ya baba watoto, shemeji na wajomba.

Na kabla ya yote, lala na mwanao ndani ya chandarua, homa ikimpata mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo.

Nesi akishika sindano, muulize: unachukua kiasi gani, unapima nini, majibu lini? Ni haki yako. Nesi mzuri hakasiriki.

Msomee na baba watoto jioni hii. Kwenu wazee walikuwa wanasemaje kuhusu mumiani? Niandikieni hapo chini, nasoma zote.